Ratiba ya Yoti Haipimwi kwa Rula

Nimeletewa tena, mimi nahodha wa boti za kukodi, ratiba ya likizo iliyopimwa kwa rula. Ni ya familia ya watu wanane wanaotaka kukodi katamarani, boti ya tanga yenye mashua mbili zilizounganishwa, kwa wiki moja mwezi wa Agosti: Jumatatu waanzie Mji Mkongwe, Jumanne wawe Paje, Jumatano walale Mnemba, Alhamisi kisiwa cha Misali kando ya Pemba, Ijumaa Wete huko huko Pemba, Jumamosi jioni warudi Mji Mkongwe, na Jumapili alfajiri wapande ndege. Chini ya jedwali wameandika kwa herufi nene kwamba, kwa kuwa wanalipia boti nzima, hawatarajii mabadiliko yoyote. Sina ugomvi nao, na huenda wakawa wageni wazuri sana. Lakini imani hii kwamba aliyelipia boti amelipia na bahari imenichosha, na leo nimeamua kuieleza kwa kirefu.

Tuanze na Pemba, kwa sababu ndiko hesabu zote zinakoharibikia. Kutoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hadi Mkoani, Pemba, ni takriban maili 30 za baharini. Katamarani ya futi 42 huenda noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa, bila kujilazimisha, kwa hiyo mwenye rula hupata saa tano za kwenda na saa tano za kurudi, akaona amemaliza. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama maji yangekuwa yamesimama. Mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, huongezeka nguvu. Tuuchukulie kuwa wa noti 2 tu, ambazo si nyingi kwa Agosti: kwenda kutachukua muda wa saa tatu na dakika 45, na kurudi muda wa saa saba na nusu. Hapo bado hatujautaja upepo. Kusi ukienda Pemba inakusukuma. Ukirudi inakupiga usoni, na chombo cha tanga hakiendi kinyume cha upepo bali hubisha, upande huu kisha upande ule, na maili 30 zikawa 40 na zaidi. Ukiamua kutumia injini, mawimbi yanagonga tumbo la katamarani kwa kishindo ambacho hufungua makabati, na mtoto aliyekunywa juisi asubuhi hairudishi mara moja tu. Hiyo ndiyo Jumamosi ambayo familia hii imeiandikia maneno mawili, “kurudi mjini”.

Wapo waliosoma kidogo, na hao ndio wanaonikera zaidi. Huniambia, “Basi, Kapteni, tutakuja Januari, wakati wa kaskazi, kwa sababu bahari inakuwa shwari.” Ni kweli kwamba Januari jua ni kali, maji ni maangavu na fukwe za magharibi mwa Unguja zinapendeza. Lakini mkondo haujageuka. Bado unakwenda kaskazini, ijapokuwa kwa nguvu pungufu, na sasa upepo wa kaskazi unatoka kaskazini, huko huko mkondo unakokwenda. Upepo na mkondo vikikabiliana, wimbi halirefuki bali linasimama wima, fupi na lenye mgongo mkali, na halikupi nafasi ya kupanda moja kabla la pili halijafika. Ndiyo sababu abiria wa meli za Pemba huutaja mkondo wa Nungwi kwa heshima. Mwezi wa Januari 2014 mawimbi ya hapo yalizoa abiria kutoka kwenye meli iliyokuwa ikitoka Pemba kuja Unguja, nayo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko chombo chochote nitakachokukodishia. Upepo ule ule wa noti 18 ambao katika kusi hukupa safari ndefu yenye kuyumba, katika kaskazi unaweza kukupa saa mbili usizozisahau. Kwa hiyo swali la “mwezi gani bahari ni shwari” halina jibu mpaka useme unatoka wapi, unakwenda wapi, na mkondo uko upande gani.

Miezi ya kati, Oktoba na Novemba, kukiwa na matlai, pepo nyepesi za kati ya kusi na kaskazi, ndiyo ninayoipendekeza kwa wanaotaka Pemba. Hapo hugeuka wale wale walioogopa mawimbi wakalalamika kwamba tanga halijai na injini inawapigia kelele. Masika msiniulize, Aprili boti nyingi hupandishwa nchi kavu kukarabatiwa, na afadhali iwe hivyo.

Jambo la pili ni mwezi, namaanisha wa angani. Maji ya bamvua, yanayofuata mwandamo na mwezi mpevu, hutofautisha kujaa na kupwa kwa karibu mita 4 hapa Unguja, na kupwa kwake huangukia karibu saa nne, asubuhi na usiku. Harusi ikipangwa ufukweni saa nne asubuhi siku mbili baada ya mwezi mpevu, bibi harusi atashuka kutoka boti ndogo mbali na pwani na kutembea juu ya matumbawe, gauni mkononi, akiwapita akina mama wanaovuna mwani wakimtazama kwa mshangao. Wiki moja baadaye, maji yakiwa mafu, yaani hayajai wala kupwa sana, angeshuka karibu na mchanga. Paje yenyewe naiondoa kila ninapoiona: mwamba uko mbali, ndani ni kina kifupi, nje ni bahari kuu, na mahali pa kulaza yoti kwa amani hapapo. Nendeni kwa gari. Mnemba tutazamia mchana, lakini kisiwa chenyewe ni cha hoteli na kushuka hakuruhusiwi.

Pemba upande wa magharibi huingiwa jua likiwa juu na nyuma yetu, yaani mchana kati ya saa saba na saa tisa, kwa sababu matumbawe huonekana kwa rangi ya maji, na mstari wa mwamba kwenye skrini ya ramani haukai kila mara pale ulipo mwamba wenyewe. Usiku sivuki. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutanda na taa zao, na nyavu zao hazina taa.

Mengine ni mafupi. Ulizeni bei imebeba nini: katika yoti kubwa zenye wafanyakazi, mafuta, chakula na ada za bandari hulipwa kwa amana ya ziada, aghalabu asilimia 25 hadi 35 ya bei ya kukodi. Maji ya kuoga yana mwisho. Choo hakipokei kitu chochote ambacho hamkukila. Safari ikiangukia Ramadhani, chakula cha mchana mtapikiwa kama kawaida, ila msimwombe mpishi aonje chumvi.

Vitabu vya ubaharia hupanga misimu kwa miezi, na mimi nimefanya hivyo hivyo hapo juu, lakini kusi huchelewa kufa na kaskazi huanza kwa kusitasita. Programu mbili za simu hunipa upepo tofauti kwa asubuhi moja, nami sina kanuni ya kuchagua kati yao zaidi ya kuamka alfajiri na kuyatazama maji. Kuna siku hukataa kuvuka, kisha bahari ikatulia mpaka magharibi na wageni wakanitazama bila kusema. Siku kama hizo sijui kama ni uangalifu au ni uzoefu uliogeuka kuwa woga, kwa maana yupo nahodha mwenzangu ninayemheshimu ambaye huvuka siku ambazo mimi nimelala nangani.

Familia ya Agosti nimewajibu hivi. Tulale Kendwa, karibu na Nungwi, usiku wa kwanza na, upepo ukikataa, hata wa pili. Tuvuke na kusi nyuma yetu. Siku zinazobaki tuwe Misali na ndani ya ghuba za magharibi mwa Pemba, ambako kisiwa kinatukinga. Na Jumamosi wao wapande ndege ndogo Chake Chake kwenda Unguja, huku mimi na baharia wangu tukiirudisha boti kwa kubisha. Watalipia siku hiyo ya kuirudisha, na najua watabishana nami kuihusu. Mizigo iwe mabegi laini, kwa sababu ndege hizo huruhusu kilo 15 kwa mtu na masanduku ya magurudumu hayaingii hata kwenye makabati yangu.