Umeokota kigae jangwani? Sheria ya mabaki ya kale Marekani na wanaoivunja bila kujua

Majira ya matembezi yanapoanza kusini-magharibi mwa Marekani, malalamiko kwa wasimamizi wa ardhi ya umma huwa yale yale: shimo jipya pembeni mwa magofu, majina yaliyokwaruzwa juu ya michoro ya miambani, watalii walioonekana wakijaza mifukoni vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale. Makala hii inawalenga wasemaji wa Kiswahili waishio Phoenix, Tucson, Salt Lake City na miji jirani, kwa kuwa mabango ya njiani hayakuandikwa kwa lugha yao. Hatudhani kwamba mtu anayetoka na watoto wake siku ya Jumamosi anakwenda kuiba. Aliyekulia Kilwa au Lamu ameona tangu utotoni vipande vya kaure ya Kichina vikisukumwa na maji ufukweni, na huenda hakuwahi kuambiwa kitu. Huku ataambiwa, na pengine na askari mwenye kitabu cha faini.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Kulinda Rasilimali za Akiolojia, iliyotiwa sahihi tarehe 31 Oktoba 1979. Ile iliyoitangulia ilikuwa ya mwaka 1906, na adhabu yake ya juu ilikuwa faini ya dola 500 na kifungo cha siku 90. Muuza vyungu angeweza kulipa faini hiyo na bado akabaki na faida. Kisha mwaka 1974, katika kesi ya vinyago vilivyochukuliwa pangoni kwenye ardhi ya Waapache wa San Carlos, kabila la wenyeji asilia, mahakama ya rufaa ikaona kwamba sheria haikueleza wazi kitu cha kale ni kipi, kwa hiyo mtu hawezi kutiwa hatiani kwayo. Bunge likalazimika kuandika upya.

Safari hii maana ikawekwa: ni mabaki ya maisha au shughuli za binadamu, yenye manufaa ya kiakiolojia, na yenye umri usiopungua miaka 100. Vyungu na vigae vyake, vikapu, silaha, zana za mawe, nyumba au sehemu ya nyumba, michoro ya miambani, makaburi na mifupa ya watu, vyote vimo. Watu husahau kwamba miaka 100 huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia leo, wala si kuanzia 1979. Makopo na chupa zilizotupwa na wachimba madini mwaka 1920 zilikuwa takataka sheria ilipopitishwa. Sasa zimeshafikia umri huo. Visukuku vya wanyama vina sheria yake nyingine, isipokuwa vikikutwa ndani ya eneo la kiakiolojia.

Kinachoamua ni ardhi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ardhi ya umma haina maana ya ardhi isiyo na mwenyewe. Hifadhi za taifa, misitu ya taifa, hifadhi za wanyamapori na nyika nyingine zinazomilikiwa na serikali kuu, zote zinaguswa na sheria hii, hata kama hakuna uzio wala geti kwa kilomita arobaini. Ardhi za makabila ya wenyeji asilia nazo zimo, ila huko mwenye neno ni kabila. Eneo la Wanavajo peke yake lina zaidi ya kilomita za mraba 70,000, katika majimbo matatu, na lina sheria zake za mambo ya kale juu ya hiyo ya serikali kuu. Kutembea nje ya barabara huko kunahitaji kibali cha kabila kabla hujafikiria kuinama kuokota chochote. Shamba la mtu binafsi halimo moja kwa moja, lakini kitu kilichotolewa humo kinyume cha sheria za jimbo, kisha kikavushwa mpaka wa jimbo kwa biashara, kinaingia mikononi mwa serikali kuu. Mahakama ya rufaa ilithibitisha hivyo mwaka 1993, katika kesi iliyotokana na kilima cha kale kilichochimbuliwa Indiana.

Sasa lile jibu tunalolisikia mno: "Mimi nimeokota tu, sikuchimba." Sheria haikutaja kuchimba peke yake. Imetaja kuchimba, kuondoa, kuharibu, kubadili na kuchafua sura ya kitu, na tangu mabadiliko ya 1988 hata kujaribu kufanya hivyo ni kosa. Kumtuma au kumlipa mtu mwingine akufanyie ni kosa vilevile. Kuuza, kununua na kubadilishana vitu vilivyotolewa kinyume cha sheria pia, kwa hiyo anayenunua chungu mtandaoni asiridhike na maelezo kwamba "kilikuwa cha babu". Ni kweli kwamba aliyekuwa na kitu kihalali kabla ya tarehe 31 Oktoba 1979 haguswi, na wauzaji wasio waaminifu wanaijua tarehe hiyo kuliko wanunuzi.

Kuna hili la vichwa vya mishale, na linatuchosha. Ndiyo, sheria ya 1979 inasema adhabu zake hazimhusu aliyeokota kichwa cha mshale kilicholala juu ya ardhi. Rais Jimmy Carter aliyeitia sahihi alikuwa mwenyewe mkusanyaji wa vichwa vya mishale. Lakini kusamehewa na sheria moja si kuruhusiwa na zote. Kanuni za hifadhi za taifa zinakataza, sheria za makabila zinakataza, na mali ya serikali kuu inabaki kuwa mali ya serikali kuu, yenye sheria yake ya wizi. Tena msamaha ni wa kichwa cha mshale, juu ya ardhi. Kisu cha jiwe hakimo, wala kilichochokonolewa kwa kijiti.

Adhabu, kwa anayetenda akijua: kosa la kwanza, faini hadi dola 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ikiwa thamani ya kitu pamoja na gharama ya kukarabati vinazidi dola 500, ni hadi dola 20,000 au miaka 2, na hapo limekuwa kosa kubwa la jinai. Anayerudia, hadi dola 100,000 au miaka 5. Gari na vifaa vilivyotumika vinaweza kutaifishwa. Asiye raia wa Marekani asikiri kosa lolote kabla ya kuonana na wakili anayejua mambo ya uhamiaji.

Usidhani dola 500 ni nyingi. Watu hupiga hesabu ya bei ya sokoni: kigae kimoja kitauzwa dola ngapi? Mchunguzi hafungwi na bei hiyo. Anaweza kutumia thamani ya kiakiolojia, yaani gharama ambayo ingetumika kupata taarifa zote za eneo lile kitaalamu kabla halijaharibiwa. Chukua shimo la mita moja kwa mita moja, kina nusu mita, kazi ya dakika ishirini kwa mwenye sepetu. Mwanaakiolojia angelishusha kwa tabaka za sentimita 10, yaani tabaka tano. Kila tabaka lichorwe, lipigwe picha, udongo wake upitishwe kwenye chekeche lenye matundu ya milimita sita, mkaa ufungwe peke yake kwa ajili ya kupima umri. Ongeza mpango wa utafiti, maabara na ripoti. Kisha ukarabati: kujaza shimo, kurudisha umbo la ardhi, kuzuia mmomonyoko, kuchambua kilichosalia, na kama palikuwa na mifupa, kuizika upya. Mia tano zinakwisha kabla watu hawajarudi kwenye gari.

Hata bila mahakama ya jinai, msimamizi wa ardhi anaweza kutoza faini ya kiutawala, na hiyo haidai kuthibitisha kwamba ulijua. Utapelekewa hati ya ukiukaji. Kuanzia siku unapokabidhiwa una siku 45 za kalenda, wikiendi na sikukuu zikihesabiwa. Hati ikija bila kiasi, siku zinahesabiwa tangu kiasi kinachopendekezwa kikufikie. Ndani ya muda huo unaweza kuomba mazungumzo yasiyo rasmi, kuwasilisha maombi ya maandishi ya kufutiwa au kupunguziwa, kukubali na kulipa, au kunyamaza ukasubiri hati ya tathmini, yaani ile ya kiasi kilichoamuliwa. Kunyamaza kunaruhusiwa, ila hakufuti kitu. Kosa la pili, kiasi kinaweza kuzidishwa mara mbili. Kama ilikuwa ardhi ya kabila, faini na vitu vilivyotaifishwa hupewa kabila.

Ukiona kitu, kiache kilipo. Piga picha ukiweka kofia au kalamu kando kuonyesha ukubwa, kisha picha nyingine ya mbali inayoonyesha mwamba au mti. Andika vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, umpe askari wa hifadhi au ofisi ya kabila. Usivitundike mtandaoni: sheria yenyewe inataka mahali pa mabaki pafichwe, nawe ukirusha picha ikiwa na alama ya mahali umewapelekea ramani wachimbaji. Michoro ya miambani isiguswe kwa mkono, kwa kuwa mafuta ya ngozi huiharibu, wala isipakwe chaki ili ionekane vizuri. Kifaa cha kutafutia vyuma hakiruhusiwi hifadhi za taifa hata kama hukukiwasha, isipokuwa kimefungashwa garini kiasi cha kutoweza kutumika.

Tabia nyingine yenye nia njema na madhara makubwa: wageni hukusanya vigae vizuri vizuri kutoka kila pembe ya gofu na kuvipanga juu ya jiwe bapa ili wanaofuata wafaidi kuviona. Kigae kilichokuwa karibu na jiko kimekaa sasa na kilichotoka jalalani, na hakuna atakayejua kipi kilitoka wapi. Ukilikuta jiwe la namna hiyo, usiongeze, na usijaribu kuvirudisha kwa kubahatisha.

Mifupa ya mtu ni jambo jingine kabisa. Usiiguse, usiipige picha ya kuonyesha watu. Inahusika na sheria ya 1990 ya makaburi na mabaki ya wenyeji asilia, ambayo kanuni zake mpya zilianza kutumika tarehe 12 Januari 2024. Taarifa hutolewa mara moja kwa simu au ana kwa ana, kisha kwa maandishi ndani ya saa 24. Mafundi na madereva wa katapila wazingatie: kazi husimama mahali hapo, na msimamizi wa mradi hana mamlaka ya kuamuru iendelee eti tarehe ya kukabidhi imekaribia.

Na yule ambaye tayari ana kigae kabatini? Usikirudishe jangwani mwenyewe. Ukikitupa mahali pasipo pake, umeharibu eneo la pili. Zungumza kwanza na wakili, hasa kama ni zaidi ya kipande kimoja au uliwahi kuuza, halafu kifikishe kwa ofisi inayosimamia ardhi kilikotoka. Bila maelezo ya mahali hakiwasaidii sana wanaakiolojia, kwa hiyo ambatanisha karatasi: njia gani ya miguu, umbali gani kutoka maegesho, upande upi wa korongo, mwaka gani, na kama kilikuwa juu ya ardhi au ndani yake. Kifunge kwenye karatasi laini. Usikioshe: masizi na mabaki ya chakula yaliyoganda kwenye kigae hupimwa maabara, na sabuni huyaondoa.