Mpira wa kulishia si dripu

Ukipita Kigoma mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, ukamuulizia mgonjwa aliyerudi kutoka hospitali ya Ocean Road au Bugando kwenye mionzi ya saratani ya koo, utajibiwa: "Maskini, hali tena, yuko kwa dripu." Unafika kwake, unamkuta amekaa kitini, mpira umetokeza puani, bintiye anammiminia uji taratibu. Hiyo si dripu. Na mzee anakula.

Mpira wa kulishia ni mrija mwembamba unaofikisha chakula cha majimaji kwenye mfuko wa chakula bila mgonjwa kulazimika kumeza. Mwenye saratani ya kichwa na shingo huuhitaji kwa sababu mionzi, ambayo mara nyingi hutolewa siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 au 7, hubabua utando wa mdomo na koo. Vidonda huanza wiki ya pili au ya tatu, na huendelea kuuma wiki kadhaa baada ya dozi kwisha. Maana ni hiyo tu.

Kinachotuvuruga ni majina. Dripu tumeitoa kwenye Kiingereza, na huko ni kudondoka tone kwa tone. Neno linataja mwendo. Halisemi kilichomo wala kinakokwenda. Ndiyo maana kila mfuko ukining'inizwa juu ya kitanda, hata wenye maziwa, watu huuita dripu. Mpira nao umepewa jina la utomvu wa mmea, ule uliotupa pia mpira wa miguu, mpira wa kumwagilia bustani na mpira wa mkojo. Siku hizi mirija hii ni ya plastiki laini au silikoni, jina limebaki palepale. Kwa hiyo jina moja linataja mwendo, jingine malighafi, na hakuna linalotaja njia. Njia ndiyo yenye kuua au kuponya.

Dripu huingia mshipani. Lita moja ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, hazifikishi kalori 200. Mtu wa kilo 60 anahitaji kalori kama 1,500 hadi 1,800 kwa siku. Umshibishe kwa dripu hiyo? Ni zaidi ya lita 8, maji ya kumzamisha mapafu, na bado hajapata protini wala mafuta. Ndugu wanaomsihi nesi "amuongezee dripu apate nguvu" wanaomba maji. Upande wa pili, uji ukiingia mshipani ni kifo. Kabla ya kumimina chochote, fuata mpira kwa kidole hadi pale unapoingia mwilini, hata kama ulifanya hivyo asubuhi.

Halafu kuna "mpira wa tumboni". Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza, kwa maana kiambishi -ni haichagui: ni unaokwenda tumboni au uliotobolewa tumboni? Wa puani nao mwisho wake uko tumboni. Wa puani huwekwa kwa wiki chache, hushikwa kwa plasta, na una alama pale unapoingia puani. Alama ikihama, au mgonjwa akianza kukohoa, usimimine, ncha yake huenda imeelekea mapafuni. Ukichomoka usiurudishe mwenyewe. Ule wa kutoboa ukuta wa tumbo ni wa kukaa miezi, na ukichomoka tundu huanza kuziba ndani ya saa chache, hivyo safari ya hospitali ya Maweni, au Kitete kwa aliye Tabora, haingoji kesho. Ukipiga simu na kusema tu "mpira wa tumboni umetoka," nesi hajui akukimbize au akutulize.

Matunzo yanakaribiana. Mgonjwa aketi, au kichwa na kifua viinuliwe, wakati wa kulishwa na nusu saa hadi saa nzima baadaye. Mililita 30 za maji safi ya uvuguvugu zipite kabla ya chakula na baada yake. Dawa zipite moja moja, na kidonge chochote usikisage kabla ya kumuuliza mfamasia. Uji uchujwe, hasa wenye unga wa dagaa. Mawese ni mazuri, kijiko kikubwa kina kalori kama 120, ila yakipoa huganda na kunata ndani ya mpira. Ukiziba, tumia maji ya uvuguvugu na bomba la sindano la mililita 50, ukisukuma na kuvuta polepole. Bomba dogo lina msukumo mkali, laweza kuupasua. Soda iacheni dukani, asidi yake hugandisha maziwa yaliyomo. Na waya, jamani, usipite humo kabisa.

Tena mpira haufungi mdomo. Kama daktari hajakataza, mgonjwa aendelee kumeza mate na maji kidogo kidogo kila siku, maana misuli ya koo isiyotumika hudhoofu na kukakamaa.

Basi jirani akikuuliza kama mzee anakula, mjibu: anakula, kwa mpira wa puani. Na kama leo amemeza maji vijiko viwili, mwambie na hilo.