Louis Chevrolet hakutajirika kwa jina lake

Wengi wakiiona nembo ya Chevrolet hudhani mwenye jina hilo alikuwa tajiri wa Kimarekani aliyekufa akimiliki kampuni. Sivyo kabisa.

Louis alizaliwa Uswisi mwaka 1878, akaanza na ufundi wa baiskeli. Marekani alikuja kuwa dereva wa mbio katika timu ya Buick, kampuni ya magari, na huko ndiko mfanyabiashara wa magari William Durant alikoliona jina lake kuwa mtaji. Mwaka 1911 wakaanzisha kampuni Detroit.

Gari la kwanza, Classic Six, lilikuwa kubwa, la silinda sita, na bei yake ilizidi dola 2,000. Hilo ndilo gari alilolitaka Louis. Durant alitaka magari ya bei nafuu, ya kushindana na Ford. Wakagombana, Louis akauza hisa zake, akaondoka, jina likabaki.

Inaniuma watu wanaposema kipaji chake kiliishia hapo. Mwaka 1920 mdogo wake, Gaston, alishinda mbio za Indianapolis kwa gari lililoundwa na Louis. Miezi michache baadaye Gaston akafa mashindanoni.

Louis alifariki mwaka 1941, bila utajiri, akazikwa Indianapolis.