Ekzosi ya gari kuukuu: pesa ianzie mbele, si mkiani

Mwalimu nilimsikia kabla sijamwona. Corolla 110 yake ilipoacha barabara ya Musoma na kuingia uchochoro wa gereji yetu hapa Nyakato, Mwanza, muuza mahindi wa kona alinyanyua kichwa na kuku wa jirani wakatawanyika. Aliposhuka nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na darasa, kisha akatoa bahasha. Laki mbili.

"Fundi, nataka ekzosi mpya yote, ya bomba pana, kama ya yule kijana jirani yangu Buhongwa. Kelele iishe, na gari lipate nguvu kidogo ya mlima wa Bugando."

Sikumcheka. Wengi wanaokuja kwangu wana bajeti ya namna hiyo na ndoto ya namna hiyo. Afadhali Mwalimu alikuja na pesa kamili. Wengine huwa wameshaitumia mkiani: wamenunua ncha ya kung'aa, au sailensa ya kishindo iliyokatwa kwenye gari lingine, huku bomba la mbele linavujia pembeni na harufu inaingia hadi kiti cha mtoto.

Mimi nafanya hivi: moshi unaanzia kwenye injini, basi na pesa ianzie huko. Manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, halafu ringi ya kuzibia kiungo cha bomba, halafu masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, halafu bomba, sailensa mwisho. Ncha ya kung'aa ni pambo, kama hereni. Inunue ukipenda.

Kabla ya kushika spana, kuna hesabu moja ya hapa kwetu ambayo watu wa Dar hawahitaji kuijua. Ziwa letu, Viktoria, liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu yake kwa sababu hiyo peke yake. Injini ya 5A ya Mwalimu ina lita moja na nusu, na kiwandani iliandikiwa kama nguvu za farasi 100. Hapa Mwanza inaamka asubuhi na 90, ikiwa nzima. Hakuna bomba litakalokurudishia hao kumi. Ila ekzosi inayovuja au iliyoziba inaweza kukuibia wengine juu ya hao, na kwa laki mbili kazi yangu ni kumkamata huyo mwizi.

Mwizi wa kwanza ni mvujo. Kumtafuta hakuhitaji mashine. Injini ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi, mtu mmoja anawasha, mwingine anaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara nene kwa sekunde chache, wa tatu ananyoosha sikio kuanzia mbele kwenda nyuma. Panapovuja patasema "tss, tss" kwa mapigo ya injini. Ukishasikia, tazama: pana masizi meusi yaliyotandaa kama wino. Usifanye hivyo gari likiwa la moto, utaacha ngozi ya vidole kwenye bomba.

Mvujo wa mbele, kabla ya sensa ya oksijeni, ndio unaokula mafuta. Watu hushangaa nikisema hivyo, maana wanaona moshi unatoka tu. Moshi wa injini hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Katikati ya pigo na pigo bomba linavuta, na kwenye ufa linavuta hewa ya nje. Sensa inaiona ile oksijeni ya wizi, inaiambia kompyuta kwamba petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Unajaza tangi mara nyingi zaidi kwa ufa usiozidi unene wa kucha.

Kwa Mwalimu tulikuta mawili. Stadi mbili, yaani boliti za kubania manifoldi kwenye injini, zilikuwa zimekatika na gasketi imeungua pembeni. La pili liliniudhi zaidi: mahali ambapo bomba la mbele linaungana na la kati, kwenye ringi, fundi aliyetangulia alikuwa amechomelea kila kitu kuwa kipande kimoja.

Hapo niseme kwa kirefu, kwa sababu nakutana na kosa hili kila mwezi. Kwenye gari linalovuta kwa mbele, injini imelala kwa upana na inapumua mbele na nyuma kila unapokanyaga na kuachia. Bomba nalo limening'inizwa kwenye bodi ambayo haichezi hivyo. Toyota waliweka pale kiungo cha duara chenye ringi ya grafaiti na boliti mbili zenye springi ili bomba liweze kunesa kama goti. Ringi ikiisha inavuja. Mteja hataki kununua ringi, fundi anataka kumaliza, wanachomelea. Kelele inaisha siku hiyo. Baada ya muda ule mtikisiko, uliokosa goti, unatafuta pengine pa kupindia: unapasua manifoldi, unakata stadi, au unachana bomba pembeni ya wedi, pale palipochomelewa. Stadi za Mwalimu zilikatika kwa sababu hiyo. Aliokoa bei ya ringi akaja kulipia stadi na gasketi za manifoldi. Kwenye magari yenye fleksi, yaani lile bomba la nyuzi zilizosukwa, habari ni ileile. Likichanika weka jingine, usilivishe bati.

Mwizi wa pili ni kuziba. Ninayo geji ya vakyumu, naichomeka kwenye mpira wa manifoldi ya kuingizia hewa. Vijana wanaojifunza kwa video watasema sindano isimame kati ya inchi 17 na 21 za zebaki gari likiwa sailensi, yaani limewashwa bila kukanyagwa. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko wetu toa kama 4, kwa hiyo 14 au 15 Mwanza ni afya njema. Niliwahi kupokea gari ambalo mwenyewe alishafungua nusu ya injini akitafuta ugonjwa, kumbe aliokuwa anaupima ni mwinuko wa ziwa. Cha kutazama ni mwendo wa sindano: shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, ikipanda na kutulia ni sawa, ikianza kushuka polepole kama jua la jioni, nyuma pameziba. Asiye na geji afungue sensa ya oksijeni ya mbele, aendeshe mita chache. Gari likipata pumzi ghafla, umejua.

Na mara nyingi kilichoziba ni masega. Hapa ndipo mafundi wenzangu watakaponinunia. Ushauri wa mtaani ni mmoja: "Toa masega, mafuta yetu hayapatani nayo." Kauli hiyo ilikuwa na ukweli wake zamani. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ilikuwa inayaua masega kweli. Lakini petroli yenye risasi iliondolewa nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Kisingizio kina umri wa kupiga kura. Masega yakiziba leo, yameuawa na kitu fulani: plagi isiyochoma hivyo petroli ghafi ikaenda kuungulia mle ndani na kuyayeyusha, au injini inayokula oili. Ukiyatoa bila kutibu hicho umemzika mgonjwa wa kwanza na kumwacha wa pili.

Jambo jingine. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei. Fundi anayekutolea masega "bure" hajakufanyia hisani. Kuna mtu atakayeyanunua kwake. Mteja wangu mmoja aliacha gari kwenye gereji fulani abadilishiwe pedi za breki, akarudi nalo likinguruma. Ukiamua kuyatoa kwa sababu yamekwisha kweli, ondoka nayo, ni mali yako. Yaliyo mazima yaache. Yanageuza kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, na masega mazima hayazuii nguvu ambayo mwenye gari la lita moja na nusu angeiona. Ya Mwalimu nilimulika kwa tochi, vitundu vinaonekana vyote, nikayarudisha.

Sasa lile bomba pana la jirani wa Buhongwa. Bomba la asili la Corolla ni kama inchi moja na nusu. Ukiweka la inchi mbili, eneo la ndani linaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Ukiweka la mbili na nusu, linakaribia mara tatu. Watu wanafikiri njia pana ni njia njema, lakini fikiria abiria wanaoshuka kivuko cha Kamanga. Kwenye daraja jembamba wanatembea kwa kasi, mmoja akivutwa na aliye mbele. Wakifika uwanjani wanazubaa, mwingine anasimama kununua karanga. Moshi nao ni hivyo. Ukiwa na kasi kwenye bomba, pigo lililotangulia linalivuta linalofuata na kusaidia silinda kujisafisha. Ukiupa uwanja unazubaa, unapoa, na gari linakuwa zito pale chini ambapo wewe ndipo unapoendeshea, kati ya mizunguko 1,500 na 3,000. Kijana wa Buhongwa anapanda Bugando kwa gia namba moja, anasikika hadi Igogo, na daladala linampita. Kwa injini ya lita moja na nusu isiyoguswa, inchi moja na robo tatu inatosha, mbili ni mwisho. Na ukitengeneza vyote hivi vizuri, tegemea farasi watatu, labda watano. Anayekuahidi ishirini anakuuzia sauti.

Kinachoua mtiririko kuliko upana ni kona. Bomba likikunjwa kwa nguvu linabonyea, la inchi mbili linabaki moja na nusu pale kwenye mkunjo. Mashine ya kukunja bila kubonyeza mimi sina. Ninachofanya ni cha wahunzi wa zamani: najaza bomba mchanga, nashindilia, naziba ncha kwa vipande vya mti, napasha moto mahali pa kona hadi pawe pekundu, nakunja taratibu. Mchanga usiubebe ufukweni na kuutia palepale. Ukaange kwanza kwenye karai hadi ukauke kabisa, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya bomba la moto ni bomu. Njia rahisi zaidi ni kununua ekzosi chakavu ya gari kubwa kidogo kwa wauza spea za mtumba na kukata kona zake za kiwandani. Ndivyo nilivyopata bomba la kati la Mwalimu.

Bomba la maji la galvanaizi sichomelei. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kutetemeka usiku. Bomba la kutengenezea viti nalo ni jembamba mno. Tafuta chuma cheusi chenye unene wa milimita moja na nusu. Kabla ya kuchomelea toa waya wa hasi wa betri, ethi ya mashine ya kuchomelea ibane karibu na unapochoma, na uangalie paipu za mafuta zinapita wapi. Na gari lenye mvujo chini ya sakafu usiliendeshe vioo vikiwa vimefungwa, hata mvua inyeshe vipi. Hewa ile ya sumu haikohoeshi, inalaza tu.

Pesa ya Mwalimu ilikwenda hivi: sehemu kubwa kwenye stadi, gasketi, ringi na springi mpya pamoja na kazi ya kutoa stadi zilizokatikia ndani, ambayo ilinichukua mchana mzima. Iliyobaki ikanunua bomba la kati na sailensa mpya ya kawaida, ya saizi ya asili. Raba za kuning'inizia nilikata kwenye ubavu wa tairi la zamani. Alirudi nyumbani na elfu kumi na mbili na gari ambalo muuza mahindi hakuligeukia.

Wiki iliyofuata akaja tena, uso umekunjamana. "Fundi, sailensa yako mpya inavuja maji kila asubuhi."

Nikamwinamisha nimwonyeshe. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa mvuke ambao ukipoa unakaribia lita moja ya maji. Mwalimu anaendesha kilomita nne kwenda shuleni, ekzosi haipati moto wa kuyakausha, yanalala kwenye sailensa na kuila kutoka ndani. Ziwa letu halina chumvi kama bahari ya Tanga. Magari ya hapa huozea ndani zaidi kuliko nje. Kwa hiyo kabla sijaifunga nilitoboa kitundu cha milimita 3 sehemu yake ya chini kabisa.

"Hilo si tundu la kuvuja, Mwalimu. Ni la kutolea maji. Na fundi yeyote akitaka kukuzibia, mwambie aniulize mimi."

Akakitazama muda mrefu, akatoa leso, akafuta tone, akalinusa.