Mawingu: aina zake na namna yanavyopimwa

Ukisema tu "leo kuna mawingu", mpima hali ya hewa bado hana la kuandika daftarini. Anachotaka kujua ni aina yake, kimo chake na kiasi cha anga kilichofunikwa.

Majina ya aina hizo yana asili yake kwa Luke Howard, mfamasia wa London aliyeyapendekeza mwaka 1802. Leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) linatambua aina kuu 10. Juu kabisa kuna sirasi, nyuzi nyeupe za chembe za barafu, na sirostratasi, utando mwembamba unaozungushia jua au mwezi duara la mwanga. Altostratasi hukaa chini yake: jua unaliona kwa shida, na mtu akisimama nje hana kivuli. Stratasi ni blanketi la kijivu karibu na ardhi, na nimbostratasi huleta mvua ya saa nyingi. Kumulasi ni yale mafungu yenye kitako bapa. Yakiendelea kukua huzaa kumulonimbasi, wingu la radi, ambalo katika ukanda wa tropiki kilele chake kinaweza kupita kilomita 15.

Yanayowachanganya wengi ni mawingu ya vipandevipande. Nyosha mkono mbele, uelekeze kwenye vipande visivyo karibu na upeo wa macho. Kipande kikifichwa na kidole cha mwisho, hiyo ni sirokumulasi. Kikizidi hapo lakini kikafichwa na vidole vitatu, ni altokumulasi. Kikizidi vidole vitatu, ni stratokumulasi. Wanafunzi wa fani hii huucheka mtindo huu siku ya kwanza, kisha huutumia miaka yote.

Sasa kiasi. Anga lote hugawanywa sehemu 8, na kila sehemu huitwa okta. Sifuri ni anga jeupe kabisa: kikionekana kawingu kamoja tu, unaandika 1. Vivyo hivyo 8 haivumilii mwanya. Tundu moja la buluu linairudisha kwenye 7. Ukungu au moshi ukiziba anga hata lisionekane, huandikwa 9, yaani halipimiki.

Kazi hii hufanywa kwa macho, na macho hudanganya. Mawingu yaliyo juu ya utosi unayaona kwa chini, mianya yake ikiwa wazi. Ya mbali unayaona ubavuni, na yanazibiana mianya, kwa hiyo anayetazama upande mmoja huandika mawingu mengi kuliko yaliyopo. Dawa yake ni kuligawa anga robo nne, kila robo okta 2, kisha kujumlisha. Usiku zima taa, subiri macho yazoee giza, halafu tafuta pale nyota zilipokosekana.

Kimo cha kitako cha wingu hupimwa kwa silometa, chombo kinachorusha mwali wa leza juu na kupima muda unaochukua kurudi. Marubani hukihitaji sana kimo hicho, hasa cha tabaka la chini linalofunika zaidi ya nusu ya anga. Ila silometa huona tu kile kinachopita juu yake. Satelaiti nazo hutazama kutoka juu, na utando wa sirasi nzito unaweza kuzifichia mawingu ya chini, yaleyale ambayo mtu aliyesimama uwanjani anayaona bila taabu. Ndiyo maana taarifa za aina zote hizo husomwa pamoja.