Cheti cha EDGE sio bili yako ya stima

Ejenti wa nyumba akikwambia hii apatimenti iko na cheti cha EDGE, so bili yako ya stima itashuka kwa asilimia 20, jua hapo amechanganya mambo, na siku hizi wanachanganya karibu wote.

EDGE ni cheti cha majengo kilichoanzishwa na IFC, lile shirika la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Jengo linatakiwa kuokoa angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 upande wa utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Basi, maana ni hiyo.

Sasa asilimia 20 ya nini? Sio ya bili ya nyumba unayohama. Kuna programu inabuni jengo la kufikirika, mji huo huo, ukubwa huo huo, lililojengwa vile watu hujenga kawaida hapo, halafu inalinganisha na lako: madirisha ni makubwa kiasi gani, bomba inatoa lita ngapi kwa dakika, slabu ni ya aina gani. Ni hesabu ya makadirio. Tena vyeti ni viwili, cha awali hutoka jengo likiwa bado michoro, cha mwisho baada ya ujenzi, mkaguzi akishahakikisha vitu viliwekwa kweli. Wanaouza nyumba ambazo hazijajengwa wanabandika kile cha awali kwenye bango na hakuna hata tofali.

Na hata hicho cha mwisho hakijui mnaishije. Mkaguzi ameona shawa ya maji kidogo, ametiki, ameenda. Mpangaji wa ghorofa ya nne anaona presha haitoshi kuosha sabuni, anaita fundi, inang'olewa, inawekwa nyingine, na cheti bado kinang'aa pale lobi.

EDGE Zero Carbon, ngazi ya juu kabisa ya cheti hiki, angalau hungoja jengo likae na watu mwaka mzima ndio litoe hesabu, kwa hivyo kupima matumizi halisi sio ati haiwezekani. Mimi ningeteremsha sharti hilo kwa fleti za kawaida: mita ya maji kila nyumba, mita ya pampu ya boholi peke yake (stima ya pampu ndiyo hujificha kwenye sevisi chaji), bili za miezi 12, kisha cheti cha mwisho.

Kwa sasa tuseme tu jengo limesanifiwa kuokoa, na ukienda kuangalia nyumba uliza cheti ni cha awali ama cha mwisho, na kama watu wameshahamia, omba bili za pampu.