Rotterdam: ukitaka kuiona bandari, fuata mto

Karibu kila aliyetembelea Rotterdam anarudi na picha tatu: nyumba za njano zilizoinama, soko lenye dari iliyochorwa matunda, na daraja jeupe. Mimi pia ninazo. Lakini kazi yangu ni kupanga shehena melini, mwaka wa kumi na tisa sasa, na niliporudi Kurasini, Dar es Salaam, wenzangu waliuliza swali moja tu: bandari yao ikoje? Picha zile hazikuwa na jibu, kwa sababu pale katikati ya mji bandari haipo tena. Imehama.

Nieleze kidogo, maana ukilijua hili utapanga matembezi yako vingine kabisa. Rotterdam ilianza kama mji wa vyombo vidogo vilivyofunga karibu na milango ya maghala. Meli zilipokua, mdomo wa mto ukawa kikwazo: mchanga ulijaa, na meli kubwa zikawa zinazunguka mbali ili kuingia. Kati ya 1866 na 1872, kwa mpango wa mhandisi Pieter Caland, wakachimba mkondo wa moja kwa moja hadi baharini, Nieuwe Waterweg. Mkondo huu hauna mlango wa kufungia maji. Meli inayokwenda Amsterdam lazima isimame IJmuiden, ifungiwe kati ya milango, ipandishwe au ishushwe, ndipo ipite. Ya Rotterdam inaingia moja kwa moja, usiku na mchana. Kwa mtu anayehesabu saa za meli gatini, hapo ndipo penye siri ya mafanikio yao.

Tangu hapo kila meli zilipoongezeka ukubwa, magati yalisogea magharibi: Rijnhaven, Maashaven, Waalhaven, Europoort, na mwisho Maasvlakte, ardhi iliyojazwa mchanga ndani ya bahari yenyewe. Sehemu yake ya pili ilifunguliwa 2013. Kutoka mji wa kale hadi huko ni kilomita 40 hivi, sawa na kutoka Posta hadi Kibaha, na bado unaambiwa uko bandari ileile.

Kwa hiyo anzia mashariki, uteremke na mto.

Asubuhi nenda Oude Haven, bandari ya zamani. Pembeni yake kuna Witte Huis, jengo jeupe la 1898, mojawapo ya majengo machache yaliyosalimika hapo baada ya ndege za Ujerumani kuupiga mji tarehe 14 Mei 1940. Mabomu yalichukua kama robo saa, moto ukamalizia kazi. Ndiyo maana mji huu hauna sura ya Uholanzi ya kwenye kalenda. Ukitembea angalia chini: taa nyekundu zilizopachikwa kwenye njia zinaonyesha moto ulikoishia. Nyumba za njano za Piet Blom, za 1984, ziko hapohapo. Ingia ile iliyofunguliwa kwa wageni, dakika kumi zinatosha. Kwenye soko la Markthal angalia dari, chakula ukale kwingine.

Kutoka hapo panda teksi ya majini, viboti vya njano na nyeusi vinavyokata mawimbi kama vimeibiwa, hadi Wilhelminapier. Jengo la Hotel New York lilikuwa makao makuu ya kampuni ya meli ya Holland-Amerika Lijn. Maelfu kwa maelfu ya Wazungu maskini waliondokea gati hilo kwenda Marekani. Ng'ambo ya daraja la miguu, kwenye ghala la 1923, pamefunguliwa makumbusho ya uhamiaji, Fenix, mwaka 2025. Ipe saa mbili.

Wengi hupanda boti ya matembezi chini ya daraja la Erasmus, ya saa moja na robo. Si mbaya, utaona kontena na kreni, lakini inageuza njiani kabla ya magati makubwa. Umeishia barazani, chumbani hujaingia.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni cha bure, na foleni hakina: Maastunnel, njia iliyopita chini ya mto tangu 1942. Waliijenga kwa vipande tisa vya zege, wakavielesha hadi mahali pake, wakavizamisha kwenye mfereji uliochimbwa sakafuni mwa mto. Waendao kwa miguu na wenye baiskeli wana njia zao, baiskeli juu, miguu chini. Unashuka kwa ngazi za umeme ambazo vidaraja vyake ni vya mbao. Zinalia kwiii kwiii kama kitanda cha kamba, kuna harufu ya grisi, na kando yako kijana ameshikilia baiskeli kwa breki. Nilishuka na kupanda mara tatu. Mpwa wangu anayesoma Delft alikuwa ananingoja juu. "Mjomba, umekaa kwenye ndege usiku kucha uje upande ngazi?"

Jioni tulikula Delfshaven, bandari iliyochimbwa 1389 kwa ajili ya mji wa Delft. Agiza kapsalon, maana yake saluni: chipsi, nyama ya shawarma, jibini iliyoyeyushwa, kachumbari juu. Inasemekana ilianza na kinyozi wa mtaa huo, mwenye asili ya Cape Verde, aliyezoea kuagiza vyote kwenye chombo kimoja. Ni chipsi mayai yao. Mbili kwa mtu mmoja ni ujasiri.

Siku ya pili panda metro ya mstari B hadi Hoek van Holland. Kadi ya benki unagusisha tu getini. Hapa pana lango la dhoruba, Maeslantkering, la 1997: milango miwili, kila mmoja urefu wa mita 210 na kimo cha mita 22. Bahari ikichafuka, huelea hadi katikati ya mkondo, hujazwa maji na kukaa sakafuni. Kumbuka mkondo hauna kizuizi kingine, na gharika ya 1953 iliua watu 1,836 nchini humo. Desemba 2023 mitambo ililifunga yenyewe, bila mtu kuamuru, kwa mara ya kwanza.

Kisha tembea hadi kwenye gati refu la mawe linaloingia baharini. Vaa koti hata Julai. Ng'ambo utaziona kreni za Maasvlakte, ambako magari ya kubeba kontena hayana dereva na waendesha kreni wengine wamekaa ofisini mbele ya skrini. Tulisimama saa nzima. Meli ya kontena ikapita karibu sana, mpwa akaacha simu akaanza kuhesabu safu. Nikamwambia asisahau zilizo chini ya sitaha, nazo ni nyingi. Akaanza upya.